Mguu Ulionishusha Ziwani

Niliondoka Mpepai kwa sababu mbili, na moja nilimficha kila mtu. Ya wazi ilikuwa mguu. Nilikuwa nachimba ngoro, yale mashimo tunayolimia mlimani, nilipoinuka na kusikia kitu kimekatika kiunoni. Baada ya siku chache maumivu yalikuwa yameshuka kutoka kalio la kushoto hadi kidole gumba cha mguu, yakiwasha kama pilipili.

Ya siri ilikuwa jina. Jirani mmoja aliniambia, "Angalia unapakana na nani." Nilipakana na Kosmasi, mdogo wangu, na tangu baba afariki tulikuwa hatujaelewana juu ya mikahawa aliyotuachia. Nilisikia kwamba kule Ziwa Nyasa yuko mpiga ramli anayetaja majina ya wanaoroga. Akimtaja Kosmasi, nilikusudia kumshtaki kwa jumbe ili ahamishwe kijijini. Enzi zile za Mwingereza watu walihamishwa kwa madogo kuliko hayo.

Asubuhi ya kuondoka, Kosmasi alinikuta mlangoni, ameshika fimbo mbili.

"Nakusindikiza, kaka. Peke yako hutafika."

Nikasema moyoni, anataka kuitazama kazi yake.

Njiani kuelekea Kingerikiti nilimtanguliza mbele ili niione mikono yake. Kila hatua mia nilisimama, nikiinama kwa kuegemea fimbo, maana nikiinama mguu ulipoa kidogo. Aliponipa kiazi cha kuchoma nilisema nimeshiba. Tulilala Kingerikiti kwa shemeji wa mke wangu, nami nikala kwenye sahani ya mwenyeji tu.

Siku ya pili ni mteremko. Huko mguu ulikataa kabisa, na Kosmasi alinibeba mgongoni mahali pa mawe. Hata pale nilijiuliza kwa nini hachoki.

Tulifika ufukweni jua likiwa kali. Nilitaka kuuliza nyumba ya mpiga ramli, lakini sikuweza hata kusimama, na Kosmasi akanipeleka moja kwa moja kwenye zahanati ya misheni. Dresa, mtoa dawa wa pale, alikuwa Mnyasa wa makamo, mpole, jina lake Bwana Yohana.

"Shikamoo, baba. Lala chali."

Aliuinua mguu wangu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haukufika hata shubiri mbili juu ya kitanda, moto ukashuka hadi wayoni. Akainua wa kulia, ule mzima, na maumivu yakaja kushoto. Akanigusa kwa pamba na ncha ya pini, akaniambia nisukume mkono wake kwa kidole gumba. Cha kushoto kilikuwa dhaifu.

"Mkojo unatoka vizuri? Haja kubwa unaizuia? Mahali unapokalia pana ganzi? Una homa, au umekonda?"

Nilijibu kwamba mkojo na haja kubwa ni sawa, na mengine hayapo, lakini nilimtazama Kosmasi. Dresa huyu ameambiwa nini juu yangu?

Kisha dresa akapitisha kidole kwenye mguu wangu: kalioni, nje ya paja, nje ya goko, juu ya wayo, hadi kidole gumba. Ulikuwa mstari wenyewe wa maumivu, nami sikuwa nimemwonyesha.

"Nani amekwambia?" nikauliza.

"Hakuna. Mshipa wa fahamu hupita hapo kwa kila mtu. Juzi mvuvi aliyevuta mtumbwi alinionyesha mstari huu huu. Hana ndugu Mpepai." Akaeleza kwamba kati ya pingili za mgongo kuna kitu laini kama mto, na kikitokeza nje hubana mshipa huo.

"Na aliyekitokeza ni nani?"

"Miaka yako, baba. Na jembe labda. Mara nyingine hata jembe halina kosa."

Nilingoja sindano. Akanipa vidonge vya maumivu na amri ya kutembea.

"Zamani tuliwalaza watu majuma mengi," alisema, "wakaamka wamekakamaa. Tembea kidogo kidogo, usibebe mzigo. Ila mkojo ukikwama, ganzi ikishika makalioni, au mguu ukizidi kulegea, uletwe siku hiyo hiyo."

Tulikaa kwa Mama Agnesi, mjane anayekausha dagaa. Siku ya tatu mguu uliuma zaidi, nikaamini dresa na Kosmasi wamekula njama. Nilimwuliza mama huyo ilipo nyumba ya mpiga ramli. Akanionyesha, kisha akasema, "Kila anayetoka huko hurudi na jina la ndugu yake. Sijasikia la mgeni hata mara moja."

Sikwenda. Nilitembea mchangani, asubuhi na jioni. Siku ya saba maumivu yalikuwa yameacha wayo, yakapanda hadi kalioni. Bwana Yohana alifurahi. Yakirudi juu, alisema, mshipa unaachiwa.

Tukiwa tunapanda kurudi, nilimweleza Kosmasi yote: ramli, jumbe, kiazi nilichokataa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilidhani unaona aibu kubebwa," alisema.

Akatangulia. Lakini kila nilipofika kwenye kona nilimkuta amesimama, amenipa kisogo, anangoja hadi asikie fimbo yangu, kisha anaendelea.

Mguu ulipona kabla mahindi hayajakomaa. Moyo wa Kosmasi ulichukua misimu miwili. Siku hizi mtu akinijia ameshika kiuno na jina la jirani mdomoni, namwambia alale chali kwanza, nimwinue mguu.