Mtaala Uliomwacha Shangazi

Shangazi yangu wa Maposeni ndiye aliyenifundisha kutunza mahindi, na mimi ndiye niliyelifuta jina lake kwenye mtaala. Nasema hili mapema ili mtu asinionee huruma bure.

Chuo chetu hapa Songea kilitaka kuanzisha shahada ya hifadhi ya mazao. Mpaka wakati huo lilikuwa somo dogo ndani ya shahada ya kilimo. Sisi tuliomba liwe fani inayojitegemea, nami nikapewa kuandika mtaala. Mkoa mzima tunalima mahindi, na kila mwaka dumuzi, yule mdudu wa ghalani, anakula bila kualikwa. Nilidhani hoja hiyo inatosha.

Kwenye jedwali la walimu niliandika majina ya wenzangu watatu, langu, na la shangazi kama mkufunzi wa vitendo. Yeye ndiye aliyenilea. Jikoni kwake nilijifunza kuandika jina langu kwa kijiti kwenye majivu, huku nikimwona akiuma punje kwa magego. Ikivunjika kwa mlio mkavu, mahindi yanaingia kihengeni. Ikibonyea, yanarudi juani, hata kama nyumba nzima imechoka. Nilipomwambia atafundisha chuo kikuu, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akauliza siku hiyo avae nini.

Wakaguzi wa mitaala walikuja kutoka Dar es Salaam, watu waungwana, wakasoma kila ukurasa. Mwenyekiti wao akaweka kidole kwenye jina la shangazi.

"Huyu ana elimu gani?"

"Darasa la nne."

"Na ninyi wengine, nani ana shahada ya fani hii?"

Hakuna. Nikapandisha sauti: fani ikiwa mpya, mwenye shahada yake tutamtoa wapi? Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole ulionikera zaidi. Akasema sisi wenye shahada zinazokaribiana na fani hiyo atatupitisha, ila huyu hawezi kumpitisha, na tukishikilia, mtaala utangoja mwaka mwingine. Wenzangu wakanitazama. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari.

Mtaala ulipita. Tulipikiwa pilau ya pongezi, nami sikuweza kuimaliza.

Nilikwepa Maposeni wiki tatu nzima. Nilipokwenda, nilimkuta shangazi anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda hivyo? Mtaala umekumaliza?"

Nikamweleza yote, hata ule mstari. Mikono yake haikuacha kupukuchua. Juu ya sanduku kulikuwa na kitenge kipya, kimekunjwa, lebo bado imebandikwa. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Sasa hao watoto watajuaje mahindi yamekauka?" akauliza hatimaye.

"Kuna kipimo, shangazi. Kinatumia betri."

"Na betri ikiisha?"

Nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua naye.

"Walete hapa basi. Jikoni kwangu hakuna mkaguzi."

Niliwapeleka wanafunzi wetu wa kwanza, kumi na wanane. Shangazi alikuwa amevaa kile kitenge. Aliwapanga mstari, kila mmoja na punje yake, akawasogelea mmoja mmoja kuusikiliza mlio. "Wewe rudia. Hiyo umetafuna, hujauma." Kijana mmoja alisema punje yake imekauka, shangazi akaiuma mwenyewe, akaitema, akamwambia angeozesha chakula cha watu. Mchana kutwa yeye alitaja nani amefaulu, mimi nikaandika alama.

Wanafunzi walipoondoka nilibaki na fomu ya alama. Chini kabisa kuna nafasi ya jina la mwalimu wa somo. Shangazi akaja akainama begani kwangu.

"Hapo unaandika jina la nani?"

"Langu."

"Kwa sababu ya ule mstari?"

"Ndiyo, shangazi."

Akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Basi liandike vizuri," akasema, "kama nilivyokufundisha kwenye majivu."