Soksi za Sufu Kule Wete

Baba alipohamishiwa Pemba tuliondoka mjini Unguja na makochi, cherehani ya mama na kuku ndani ya tenga. Nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa daktari msaidizi, na nyumba aliyopewa Wete ilikuwa kwenye safu ya nyumba za serikali zilizotazama bahari, mtaa ambao mpaka siku zile walikaa Wazungu watupu. Ilikuwa na veranda yenye wavu wa mbu, bafu la kuoga umelala, na uwanja wa majani yaliyokatwa chini kabisa. Mama aliizunguka nyumba nzima akiwa bado na buibui lake, kisha akamuuliza baba, "Sasa mie nikiishiwa na chumvi humu nitagonga mlango wa nani?"

Majirani walikuwa ng'ambo ya ua wa michongoma. Bwana alikuwa bwana shamba, Mwingereza mrefu ambaye alishinda mikarafuuni na kurudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Bibi yake alikuwa mwembamba, mpole, na jua lilimuunguza pua mwaka mzima. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka sita aliyelelewa na yaya kutoka Wingwi, hukohuko Pemba, na huyo mtoto ndiye aliyekuja kwetu wa kwanza. Alipenya kwenye ua, miguu mitupu, akasimama kwenye mlango wa jiko.

"Hodi," alisema. "Mie ntoto wa hapo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sisi wa mjini tulizoea kuwacheka Wapemba kwa maneno yao, na sasa Kipemba hichohicho kilikuwa kinatoka kinywani mwa mtoto mwenye nywele rangi ya makumbi ya nazi. Mama alinikata jicho.

"Karibu, mwanangu," alimwambia. "Umekula?"

Akakaa. Mama alimpa muhogo wa nazi, akala mpaka akapangusa sahani kwa kidole. Tangu hapo hapakuwa na siku aliyokosa kuja.

Baada ya muda mama yake akaanza kumfuata, kwanza kumrudisha nyumbani, halafu bila kisingizio. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limesimama peke yake. Mama alimtandikia mkeka, naye akawa hajui magoti ayaweke wapi. Lakini alikuja tena. Nadhani wote wawili walikuwa wapweke. Wake wengine wa Wazungu walikuwa wachache, na hawakuwa na mazungumzo naye. Mama naye hakuwa na ndugu hata mmoja kisiwani, na kila akienda sokoni wanawake wa Wete walimwiga anavyosema. Wakaanza kuitana "jirani", wote wawili, na hawakuwahi kuitana vingine.

Siku moja jirani alikuja akasema mtoto atakwenda shule.

"Shule ipi?" mama akauliza.

"Uingereza."

"Basi mnahama."

"Hapana. Sisi tutabaki. Yeye atalala shuleni. Likizo fupi atakaa kwa bibi yake. Likizo ndefu atakuja hapa."

Mama alidhani Kiswahili cha jirani kimekwenda kombo, akauliza tena polepole, akajibiwa vilevile. Akaweka chini kisu alichokuwa akimenyea viazi.

"Mtoto huyu hajatimiza hata miaka saba."

"Ndiyo," alisema jirani. "Mimi pia nilipelekwa nikiwa hivi. Kwetu ni kawaida."

"Na ulipenda?"

Jirani alitazama mikono yake. "Hapana," akasema.

Mama alikiokota kisu, akaendelea kumenya. Alipomweleza baba jioni, baba alimwambia mambo ya watu yasimhusu, na mama akajibu kwamba mambo ya mtoto anayekula jikoni kwake yanamhusu.

Sanduku la nguo likaja kwa meli. Sijapata kuona nguo kama zile: masweta, koti zito la kijivu, soksi za sufu zilizofika magotini, na sisi tuko Wete tunatoka jasho tukiwa tumekaa. Pamoja nazo kulikuwa na utepe mweupe mwembamba uliofumwa jina la mtoto, tena na tena, kwa uzi mwekundu. Shule ilitaka kila nguo iwe na jina lake, hata leso. Jirani alikuwa hajui kushona vizuri. Mama akachukua sindano yake, akahamia kwenye veranda ya jirani.

Walishona alasiri nyingi. Mama alisoma Kiarabu tu, kwa hiyo mimi nilikaa pembeni kumwonyesha jina lipi limesimama na lipi limepinduka. Mtoto mwenyewe alicheza karibu yetu, akivaa soksi mikononi na kuzifanya zisemezane.

"Kule kuna muhogo?" aliniuliza.

Nikamwambia sijui, amuulize mama yake. Hakumuuliza.

Asubuhi ya kuondoka alivaa viatu na kofia, akatushika mkono, mmoja mmoja, kama mtu mzima. Yaya wake alilia kwa sauti mpaka bwana shamba akageuka pembeni. Bwana ndiye aliyempeleka bandarini na kumvusha mpaka Unguja, ambako kulikuwa na mama mmoja wa kizungu aliyesafiri na watoto wengine. Jirani hakwenda bandarini. Alibaki barazani mpaka gari ikapotea kwenye mteremko, kisha akaja kwetu, si kwa mlango wa mbele bali kwa lile tundu la kwenye michongoma alilokuwa akipita mwanawe, na miba ikamchana mkono.

Mama alikuwa anataka kupika wali. Hakumpa pole wala hakumuuliza kitu. Alimsogezea mbuzi ya kukunia, akamtia nusu ya nazi mkononi, akasema, "Nikunie, jirani."

Jirani alikaa juu ya mbuzi akakuna. Hakujua kukuna, alikwangua mpaka kifuu, na machozi yakawa yanamdondokea kwenye sinia. Mama aliendelea kuchagua mchele. Mimi niliambiwa nikacheze nje.

Mwaka uliofuata, wakati wa kusi, katikati ya mwaka, mtoto alirudi likizo. Nilimngoja langoni. Alishuka garini akiwa amerefuka, akasema, "Jambo," kama wanavyosema wageni. Yaya alimsemesha, naye akatabasamu bila kuelewa. Nilikwenda jikoni nikanuna. Mama akaniambia, "Basi mfundishe."

Nikamfundisha, pwani maji yakiwa yametoka: kaa, chaza, mchanga, njoo, ngoja. Kufikia mwisho wa likizo alikuwa anasema tena, ila kwa maneno yangu. Yaya alimsikiliza akatikisa kichwa. "Nyinyi mmemfanya Muunguja," alisema, na alisikitika kweli.

Waliondoka kabisa karibu na uhuru. Jirani alikuja kuaga akiwa na buibui la mama alilokuwa ameliazima siku moja kwendea harusini, limefuliwa na kukunjwa.

"Sasa utakaa naye," mama alimwambia.

"Ameshazoea kule," alisema jirani. "Sijui kama atataka kukaa na mimi."

Mama alimshika mkono.

"Mpikie," akasema. "Usimuulize maswali. Mpikie tu, akae karibu."