Cherehani ya Mwinjuma Mlangoni

Mwinjuma, fundi cherehani wa Bagamoyo, hakuzoea kumkatalia mtu. Ukimwambia kanzu unaitaka kesho, atasema inshallah, hata kama meza imemfurika. Ndiyo maana mwaka ule wa 1972, daktari wa Dar es Salaam alipomtwika kazi ya kuwazuia watu, jasho lilimtoka.

Mkewe, Chausiku, alikuwa na saratani ya tezi za shingo. Walikuwa wakipanda basi kwenda Dar kuchomwa sindano, na uvimbe ulikuwa ukinywea vizuri.

"Lakini dawa hii inapunguza kinga ya mwili," daktari alieleza. "Amewahi kuugua tetekuwanga?"

"Hajawahi. Mimi niliugua utotoni."

"Basi asikaribiane na mwenye tetekuwanga, surua, wala mafua. Maradhi ambayo mtoto huyaugua yakaisha, yeye yanaweza kumuua."

Kusema rahisi. Mtaani kwao, mgonjwa asipojaziwa wageni chumbani, watu huuliza nyumba ile ina ugomvi gani. Mwinjuma aliwaza, kisha akaiburuta cherehani yake kutoka barazani, akaikwamisha katikati ya mlango. Wageni akawaelekeza dirishani, wasimame nje. Chausiku, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya soko, akafurahi kweli. Mtaa mzima ukawa unafaidi mazungumzo.

Aliyekasirika ni Bi Tatu, shangazi yake Chausiku, aliyefika kutoka Mlingotini na kapu la samaki wa kukaanga, mjukuu mgongoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ondoa hilo lichuma nipite."

"Niwie radhi, shangazi. Dirishani."

"Dirishani! Mimi niliyemlea? Kwani nimekuja kuuza maandazi?"

Mwinjuma akazidi kukanyaga cherehani, ingawa uzi ulikuwa umekatika zamani. "Dirishani, shangazi. Daktari ndiye kasema."

Ndani, Chausiku alijiziba mdomo kwa kanga, kicheko kikimvunja mbavu. Bi Tatu akalibwaga kapu, akaenda zake bila kuaga.

Siku chache baadaye alirudi, peke yake, akasimama katikati ya njia, mbali hata na dirisha.

"Chausiku! Mtoto katoka vipele mwili mzima! Tetekuwanga! Na ningeingia, ungempakata!" Akamgeukia Mwinjuma. "Baba, siku ile nilikusema vibaya njia nzima. Nisamehe."

"Sikusikia, shangazi. Cherehani ina kelele."

Bi Tatu alicheka mpaka akakaa chini.

Mtoto alipona. Mwaka uliofuata sindano zikaisha, na baada ya miezi kadhaa daktari akaruhusu mikusanyiko. Ya kwanza ilikuwa harusi ya binamu yao, kule Lugoba. Chausiku alikumbatia kila aliyemkuta, mpaka wapishi. Nywele zake, zilizoota upya baada ya dawa kuzipukutisha, fupi na laini, zilimpendeza, hata bibi harusi akaomba kuzigusa. Mwinjuma alikaa pembeni na sahani ya pilau, akimtazama mkewe akicheza, chakula kikipoa mkononi.