Okidi ya marehemu mama, vidole vya mama mkwe, na mvua ya mawe

Wakuu, salamu kutoka Mogogosiek, huku ambako unaanika nguo asubuhi na jioni unazianua zikiwa na maji kuliko ulivyozianika.

Uzi huu ni wa ua. Wewe unayesema "ua tu?", vuta kiti. Ua hili nusura livunje boma langu. Sijaongeza chumvi hata kidogo, na mkebe lilimopandwa uko dirishani hapa nikiandika.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona uniform za shule sokoni. Kwetu ni Kisii, nimeolewa huku kwa Wakipsigis.

Mama yangu mzazi alifanya kazi za nyumba kwenye bangalo la estate moja ya chai. Mwajiri wake alipohama alimwachia okidi. Si zile ndefu za kupamba harusi. Hii ni slipper orchid, ua lake lina mfuko kwa mbele kama ncha ya slipa.

Kwa mama ilichanua mara moja tu. Alinipigia simu akicheka kama msichana, njoo uone, njoo uone. Lakini nilikuwa nimejifungua Chebet juzi yake na sikuweza kusafiri. Nilipopata nguvu, ua lilikuwa limeshaanguka.

Baadaye mama akafariki. Dada zangu waligawana vyombo na mablanketi, mimi nikarudi Mogogosiek na mkebe mapajani. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kuona ua lile ambalo mama aliliona.

Sasa wakuu, okidi hii haina haraka na mtu. Jua kali haitaki, giza haitaki. Maji ya mvua ndiyo inayoyapenda, na yakituama katikati ya majani inaoza. Haipandwi kwenye udongo, inapandwa kwenye vipande vya maganda ya miti na makaa. Halafu kuna hili ambalo wengi hawajui: kila shina huchanua mara moja tu maishani. Likishatoa, limetoa. Unangoja mtoto achipuke pembeni, akue mpaka akomae, ndipo uanze kutumaini tena.

Nilitunza, nikangoja. Hatimaye chipukizi la ua likatokea katikati ya majani, limefunikwa kama kidole cha mtoto kwenye soksi. Nilikuwa naamka nalitazama kabla hata ya kuwasha moto.

Sasa niwaambie kuhusu mama mkwe.

Tunaishi naye boma moja. Watoto wanamwita Kogo, yaani nyanya, nasi wote tukafuata. Amechuma chai tangu akiwa msichana. Vidole vyake havijui kupumzika. Hata akikaa kanisani vinachuma pindo la leso.

Asubuhi moja aliingia kuomba kiberiti. Akasimama pale dirishani penye mkebe akinieleza habari za ng'ombe aliyekataa kushusha maziwa. Anaongea, macho yakiwa kwangu, na mkono ukaenda wenyewe.

Tk.

Mliochuma chai mnaijua hiyo sauti. Alipotazama chini, chipukizi langu lilikuwa kwenye vidole vyake.

"Woi," akasema. "Mama Chebet, si mimi. Ni mkono. Mkono imeenda yenyewe."

Nilichukua lile chipukizi nikaingia chumbani nikalia kama siku ya matanga. Nilimchukia, wakuu. Nasema ukweli, sifichi.

Mume wangu alijaribu kusuluhisha. "Mama hakukusudia. Hiyo ni mazoea ya mkono tu. Na si itatoa ingine?"

Itatoa nyingine! Nilimweleza kwamba lile shina limekwisha. Akatazama mkebe, akanitazama mimi, akaenda zake kazini Kabianga bila kumaliza chai.

Baada ya hapo boma likawa baridi. Salamu zilikuwepo, maana mkwe hamnunii mkwe mbele ya watoto, lakini zilikuwa za midomo tu. Kogo akaacha kukaa sebuleni. Chai yake alinywea jikoni kwake.

Na akaanza kitu kilichonichoma zaidi. Kila akipita karibu na ile okidi, alikuwa anaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama askari. Nikajua ananikejeli. Nilimwambia mume wangu, ona mama yako anavyonicheka.

Misimu ikapita. Jani dogo likachungulia pembeni, likawa mawili, likawa shina zima. Mtoto wangu aliyekuwa darasa la kwanza akaingia la tatu. Ndipo siku moja nikaona katikati ya yale majani kile kidole kwenye soksi.

Sikumwambia mtu yeyote, lakini Kogo aliona. Nilijua kwa sababu mikono ilikuwa nyuma hata akiwa mbali, kule kwenye banda la ng'ombe.

Wakuu, zile wiki zilinikondesha. Chipukizi likishatokea hutakiwi kugeuzageuza mkebe, hutakiwi kuukausha, hutakiwi kuulowesha. Kikonyo cha ua kikarefuka, nikakiegemeza kwa kijiti na uzi wa cherehani. Asubuhi nilikuwa nauweka barazani kwenye kigoda upate mwanga laini, na kabla ya mawingu ya mchana nauingiza ndani.

Siku moja shule zinakaribia kufunguliwa, soko limejaa wazazi, kila mmoja anataka sketi leo. Nilipoinua kichwa, mbingu ya upande wetu ilikuwa nyeusi ti, na mkebe bado uko barazani.

Nikapiga simu ya Kogo. Imezimwa. Mume wangu yuko Kabianga.

Kisha mabati yakaanza. Kwanza moja moja, halafu huwezi kusikia hata unachowaza. Mvua ya mawe ya huku nyinyi wa mbali hamuijui. Inaweza kuacha shamba la chai likiwa vijiti vitupu.

Niliacha mteja na sketi yake nikatoka mbio. Barafu imejaa njiani, nateleza naamka, mawe yananipiga mabega, na kote kunanuka majani mabichi yaliyopasuliwa. Nilikuwa nasema kwa sauti, mama, si tena. Mama, si tena.

Nafika. Kigoda kimepinduka. Mkebe haupo.

Halafu nikaona kitu ambacho sikukielewa. Mbele ya baraza, kwenye matope, kulikuwa na rundo la majani ya chai, majani mazuri ya kupelekwa buying centre, yamemwagwa chini na mawe yakiyaponda. Kogo hajawahi kumwaga jani la chai. Likidondoka moja njiani, anainama analiokota.

Nikaita, "Kogo! Kogo!"

Sauti ikatoka jikoni. "Niko."

Alikuwa ameketi karibu na moto, maji yanamchuruzika, nundu kwenye paji la uso na damu kidogo kwenye nywele. Mapajani alikuwa amekumbatia kikapu chake cha kuchumia, kimepinduliwa.

"Iko hapa ndani," akasema. "Fungua wewe."

Nikainua kikapu. Mkebe ulikuwa mzima. Kijiti kipo, uzi upo, na chipukizi limesimama halina hata alama.

Alikuwa amemwaga chai yake ya asubuhi nzima ili apate cha kufunikia. Kikapu kilifunika ua. Kichwa chake hakikufunikwa na chochote.

Nikaona mikono yake imechubuka kutoka kwenye viwiko mpaka kwenye vifundo. Nikamwuliza ilikuwaje.

"Nilibeba na hapa," akasema, akinionyesha namna alivyoubana ule mkebe kifuani kwa mikono iliyokunjwa. "Sikushika na vidole. Siku ile niliapa mbele ya Mungu, hii vidole haitaguza maua ya mama yako tena."

Wakuu, nilikaa pale pale kwenye majivu nikalia, safari hii nikiwa nimemshika yeye.

Ua lilichukua siku kadhaa kufunguka. Petali ya juu ni nyeupe yenye mistari ya kijani, na ule mfuko una rangi ya chai ya rangi, unang'aa kama uliopakwa mafuta. Nilimwita Kogo. Akaja, akasimama, mikono nyuma.

Nikaenda nyuma yake nikauchukua mkono mmoja.

"Aa-aa, Mama Chebet. Hapana."

"Guza, Kogo."

Nikakishika kidole chake nikakipitisha taratibu juu ya ule mfuko.

"Ni kama sikio ya mtoto," akasema. Kisha akauliza, "Mama yako aliona hii?"

"Aliiona."

"Kongoi," akasema, lakini hakuwa ananishukuru mimi. Alikuwa anaongea na ua.

Somo nililopata ni kwamba miaka yote ile nilijua kuingojea okidi, lakini mtu nilimhukumu kwa asubuhi moja.

Wenye slipper orchid kwenye baridi kama yetu, nielezeni mnazitunzaje, mtoto mwingine ameanza kuchungulia. Na wenye mama mkwe, leteni yenu pia. Mwandike kwa adabu tu, maana Kogo ameketi hapa kando anangoja nimsomee majibu, na vidole vyake vimeshaanza kuchuma pindo la leso yangu.