Kaka Yangu kwenye Dawati la Nyuma

Kaka yangu alirudi shuleni akiwa na ndevu. Mimi nilikuwa nimebakiza miaka miwili nimalize sekondari hapa mtaani Nyakabiga, na yeye alikuwa akichomelea milango ya chuma katika mtaa wa jirani wa Bwiza. Aliacha masomo mwaka aliokufa baba, kwa sababu mama, aliyekuwa akiuza mchele wa Buterere sokoni, asingeweza kutusomesha sote wawili. Hakuna aliyemwambia aache. Asubuhi moja aliniachia begi lake, akavaa viatu vya baba, akaenda kutafuta kazi.

Alichotaka maishani ni ukomando. Kila alfajiri alikimbia mpaka ziwani, akaogelea bila kujali viboko, halafu akarudi kunywa uji. Siku tangazo la kuandikisha wanajeshi lilipobandikwa kwenye ofisi ya komini, serikali yetu ya mtaa, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Saa sita alirudi, akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Wamekukataa?" mama akauliza.

"Apana, mama. Uaskari wa kawaida wananipa. Lakini kwa komando wanataka diploma ya sekondari. Yule mukubwa wao ameniambia, 'Mbio unazo, lakini ramani utasoma na nini? Na redio? Na hesabu ya umbali?'"

"Basi ingia hivyo hivyo."

Alitikisa kichwa, akanigeukia. "We mudogo wangu, uko mwaka gani sasa?"

Ndivyo tulivyojikuta darasa moja. Mkuu wa shule alimkubali kwa shingo upande, akampa dawati la nyuma kabisa. Wenzangu walimwita papa, yaani baba, na yeye aliitika. Asubuhi tulisoma, mchana alikwenda Bwiza kuchomelea, na Jumapili baada ya kanisa tulikaa uani, vitabu vimetandazwa kwenye meza ya mama ya kuchambulia mchele.

Hesabu za pembe zilimwingia haraka, maana alikuwa amekata vyuma miaka mingi. Kifaransa ndicho kilichomtesa. Mara moja alipata nne kwa ishirini katika imla, akaificha karatasi ndani ya shati. Nilipoiona nilijifanya sikuiona. Yeye ndiye aliyeitoa.

"Nifundishe kama mutoto," alisema. "Usinionee haya."

"Yaya," nilisema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "wewe ni mkubwa wangu."

"Kwa Kifaransa we ndiye mukubwa."

Nikamfundisha. Alikuwa akichanganya *le* ya kiume na *la* ya kike kila mstari, nami nikampiga vidole kwa rula, tukacheka mpaka mama akatugombeza. Kabla ya hapo sikuwahi kuwa na kaka wa kukaa naye. Nilikuwa na mtu aliyetoka asubuhi na kurudi amechoka, macho mekundu kwa cheche. Miaka ile miwili nilimjua: kwamba huimba akikokotoa, kwamba huogopa nyani, kwamba alikuwa bado anamwota baba.

Matokeo yalipotoka nilitafuta jina lake kabla ya langu. Alikuwa amefaulu, kwa alama chache juu ya mstari. Mama alipiga magoti palepale mbele ya watu. Baada ya wiki kadhaa kaka aliitwa, akapanda lori la jeshi na mfuko mmoja. Mama alilia. Mimi nilikasirika tu, bila kuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa ni mimi niliyemfungulia mlango wa kuondokea.

Mafunzo aliyamaliza, kikosi maalumu akakiingia. Sasa mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Nikikuta mwanafunzi aliyechanganya *le* na *la*, kalamu nyekundu inasita mkononi. Yeye hupiga simu mara chache, na hasemi yuko wapi. Mwaka jana alikuja kwa siku mbili. Alikula haraka, akalala ameegemea ukuta, na majirani walijaa nyumbani mpaka saa yake ya kuondoka. Nilitaka saa moja tu naye uani, sikuipata.

Mwezi uliopita, Jumapili mchana, alipiga.

"Mudogo wangu, nataka kufanya mutihani wa kozi ya maofisa. Wanaomba insha ya Kifaransa. Nikusomee?"

Alinisomea aya mbili polepole. Nilimsahihisha makosa matatu. Katikati ya aya ya tatu simu ikakatika. Nilijaribu kumpigia, haikuita.

Niliandika yale niliyokumbuka ya insha yake kwenye daftari, na pembeni nikaweka masahihisho, nimsomee akipiga tena. Halafu nikabaki nimekaa, simu mapajani, hadi mama aliporudi kutoka kanisani, akaiona simu, akaniuliza nani amepiga.

"Ni yaya," nikamwambia. "Anasoma."