Jina Lisilokuwamo Kwenye Jiwe

Maneno yaliyo kwenye lile jiwe la barabarani niliyaandika mimi. Liko kando ya njia itokayo Maskati kwenda bara, pale magari yanapoanza kupanda, na linaeleza kwamba hapa zamani kilipita kikosi cha askari kilichoongozwa na maofisa wa Kiingereza, kikielekea mpakani, milimani. Mistari saba ya Kiarabu. Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya serikali Ruwi, hapo Maskati. Nilimaliza sekondari Unguja, nikarudi kwenye nchi ya wazee wetu na Kiarabu cha kubabaisha, nikajifunza kwa bidii mpaka nikapewa kazi ile. Niliiona ni heshima kubwa.

Mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye, aliposikia, alifungua sanduku lake akatoa barua. Baba yake aliondoka Unguja yeye akiwa mdogo, akaja Oman, akaajiriwa kuchunga ngamia waliobeba maji ya kikosi hicho. Milimani hakufika. Mwenzake ndiye aliyeiandika barua ile, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kueleza kwamba amekufa kwa homa na wamemzika kando ya njia.

"Mtie na yeye," mama aliniambia. "Jina lake tu. Sitaki zaidi."

"Nitamtia, mama."

Niliichukua barua na sikumwonyesha mtu. Ofisini walikuwa wakitutania sisi tuliotoka Unguja. "Nyie Kiarabu mmekinunua juzi sokoni Hamriya," walisema, "na mmepunjwa." Nikicheka nao. Niliona nikitoa barua ya Kiswahili, nikasema huyu mchunga ngamia ni babu yangu, kazi yangu yote ya kujifanya mwenyeji itakuwa bure. Mkubwa wangu aliponiuliza kama majina ya wapagazi na wachunga ngamia yanajulikana, niliandika kwenye faili kwamba hayajulikani, nikatia saini. Barua nikaifungia ndani ya mtoto wa meza. Ofisi ilipohamia jengo jipya, meza zile zilitupwa pamoja na vilivyomo. Nilikuja kuikumbuka wiki mbili baadaye.

Mama nilimwambia jina limo. Nilijua Kiarabu hakifahamu, hata na majirani alizungumza kwa ishara. Sijui nilisahauje kwamba amekhitimu chuo cha Kurani, kwamba kila alfajiri alikuwa na msahafu wake mkononi, na kwamba barua zake za Unguja aliziandika mwenyewe kwa herufi hizo hizo.

Siku moja tulikuwa tunakwenda arusini bara, akaniambia nisimamishe gari. Alishuka, akalisogelea jiwe, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza na kukivuta kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofanya kwenye juzuu, midomo ikicheza. Yale maneno mengine hayakuwa na maana kwake, lakini jina la baba yake angelijua popote. Alimaliza mstari wa saba, akarudia wa kwanza. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika funguo za gari.

"Hayumo," alisema.

"Labda wamesahau, mama. Nitawauliza."

"Si wewe ndo uliyeandika, baba?"

Akarudi garini. Arusini alikula, akapiga vigelegele na wenzake. Tangu siku hiyo mpaka anakufa hakulitaja tena jambo lile, na barua yake hakuidai. Angeidai, ningepata pa kuanzia kumwomba radhi.

Mwaka jana nilisikia barabara inapanuliwa na jiwe litawekwa jipya. Nikavaa kanzu safi, nikaenda kwenye ofisi yangu ya zamani. Aliyenipokea ni binti wa watu wetu, na alipojua mimi ni wa wapi akageukia Kiswahili palepale, mbele ya wenzake, bila ya haya yoyote.

"Shikamoo, ami," alisema, na nilipomweleza habari ya babu akauliza, "Una hati?"

"Nilikuwa nayo. Imepotea."

"Na shahidi?"

"Mama yangu. Keshakufa."

Alileta faili la zamani, akasoma. Kisha akaligeuza upande wangu.

"Hapa wameandika majina hayajulikani. Hii saini unaijua ya nani?"

"Yangu."

Alinitazama kidogo. "Basi andika kwamba ulikosea."

"Nitaandika."

"Lakini nikwambie kweli, ami. Watauliza wakuamini lini, wakati ule au sasa."

Niliandika hata hivyo, kurasa mbili. Sikujibiwa.

Jiwe jipya limeshasimama, mbali kidogo na lilipokuwa la kwanza. Pale pa zamani pamepita lami, na kama kaburi lilikuwa hapo, magari yanapita juu yake. Mistari ni ile ile saba, neno kwa neno. Nilikwenda peke yangu adhuhuri moja, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Jiwe lilikuwa la moto. Sikufika wa pili.