Chumba cha Nyuma Alichopewa Mama

Admin, ukiposti naomba jina langu lisionekane, maana nusu ya wanafunzi wangu wako humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, kwetu Kondoa. Nimeolewa, tuna mabinti wawili. Nimekaa na jambo hili moyoni hadi nimeanza kukosea majina ya wanafunzi darasani.

Tulipanga nyumba za watu miaka mingi, kisha bosi wa mume wangu akahamishwa mkoa na kutangaza kuuza nyumba yake Nzuguni. Mume wangu aliipenda siku ya kwanza tu. Mimi pia niliipenda, ila nikasema hatununui mpaka mtaalamu aikague. Udongo wa huku mnaujua, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka, na nyumba zinapasuka nao. Mwalimu mwenzangu alinunua nyumba kwa kutazama rangi tu, leo ukutani kwake unapitisha mkono. Yeye ndiye aliyenipa namba ya injinia mmoja anayekagua majengo. Mume wangu alinung'unika, akasema bosi wake ataona hatumwamini. Nikamwambia, "Baba, kuamini ni kuamini, na ukuta ni ukuta. Akague."

Siku ya ukaguzi nilikuwa nasimamia mitihani, akaenda mume wangu na injinia. Jioni alirudi anatabasamu. "Mama watoto, tumepata nyumba. Injinia kasema iko imara, zile nyufa za nyuma ni za plasta tu." Nilimshukuru Mungu. Tukanunua, tukahamia.

Chumba cha nyuma ndicho kikubwa kuliko vyote, na mabinti walikigombania. Baba yao akakataa kabisa. Alisema jua la jioni linakipiga, watoto watalala kwenye joto, tukifanye stoo. Nikaona anawajali.

Kisha mama yangu akaanza kuumwa kifua, tukamtoa Kondoa awe karibu na hospitali. Nilikuwa nawabananisha mabinti ili nimpe bibi yao kitanda kimoja chumbani kwao, mume wangu akanizuia. "Mama ni mtu mzima, anahitaji utulivu. Tutoe vitu stoo, apewe chumba kikubwa." Akabeba magunia mwenyewe, akamfungia neti. Mama alimwombea dua pale pale mlangoni. Mimi nilienda kazini nikawasimulia wenzangu kwamba nina mume wa kipekee.

Mvua za mwaka huu zilipokolea, mchana mmoja mama akiwa amejipumzisha baada ya swala ya adhuhuri, ukuta wa nyuma uling'oka ukaangukia ndani. Majirani walimtoa chini ya matofali. Alivunjika paja. Nilimkuta hospitali, vumbi kichwani mpaka kwenye kope, ananiuliza kama watoto wamekula.

Nilimkasirikia yule injinia. Mume wangu akanisihi nisimpigie, eti yaliyotokea yametokea. Nikampigia. Hata kujitetea hakujitetea, akasema anakuja. Tukasimama wote watatu mbele ya kifusi, akanipa pole, kisha akauliza, "Kwani huku nyuma alikuwa analala mtu?"

Nikamwambia, mama yangu mzazi.

Akamgeukia mume wangu. "Kaka, si tulisimama hapa hapa nikakuonyesha? Nilikwambia ukuta huu umeshaachana na msingi, msinunue. Na kama mtanunua, chumba hiki asilale mtu mpaka kibomolewe kijengwe upya."

Mume wangu aliinama, akaanza kuokota vipande vya tofali na kuvipanga pembeni, kama mtu aliyepewa kazi. Sikuhitaji jibu tena.

Injinia alipoondoka, mume wangu alilia. Alisema alikuwa ameshampa bosi wake neno kwamba tunanunua kabla hata ya ukaguzi, akaona aibu kurudi nyuma. Alidhani tutakuja kukarabati taratibu. Alidhani ukuta utasubiri. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamuuliza jambo moja tu: "Kwa nini watoto wako uliwakataza?"

 Siku hizi ananipikia, ananibebea mkoba, anaamka kabla yangu kunichemshia maji. Lakini swali hilo akilisikia anatoka nje.

Ndugu zake wameniita kikao. Shemeji yangu mkubwa akasema, "Shemeji, hakuna mwanaume anayetaka kumuua mama mkwe wake. Alighafilika. Ukilisema hili kwenu, umevunja nyumba na umewafanya watoto wamchukie baba yao." Nami nikiri, huwa nawaza hivyo pia. Si mlevi, hajawahi kuninyanyulia mkono, na wanangu wanampenda. Ila kila nikimtazama namwona anafunga ile neti.

Mama hajui chochote. Yuko kwa mdogo wangu wa kiume, anatembea kwa kuegemea gongo. Kila nikimpigia, kabla hajaniambia hali yake, anauliza, "Mkwe wangu hajambo? Mwambie asijilaumu, ile ni mvua ya Mungu." Nikikata simu nakaa nimeishika tu.

Juzi kaniambia amechoka kukaa kwa mdogo wangu, anataka kurudi kwangu. Nikamwambia nitakuja na gari kumchukua. Akacheka, akasema, "Wewe baki na kazi zako, mwanangu. Mtume mume wako, yeye ndiye anayejua kunibeba bila kuniumiza."

Ndugu zangu, mama anasubiri nimtume. Nimwambie ukweli, au ninyamaze nimwache mume wangu akambebe? Mwenye moyo wa kunisaidia anisemeshe, nasoma kila neno.